Je, Mwenyezi Mungu angeweza kuumba ulimwengu bora kuliko huu?

Msomaji anauliza: "Mwalimu wangu wa dini anafundisha kwamba ulimwengu huu ndio bora kabisa unaowezekana, maana Mungu hafanyi kazi pungufu. Rafiki yangu akamjibu: kama huu ndio mwisho wa uwezo wake, basi si Muweza wa yote, na kama angeweza kuumba ulio bora akaacha, basi si mwema. Nani yuko sahihi? Na je, kuuliza hivi ni kufuru?"

Ndugu msomaji, kwa maoni yangu wote wawili wamekosea, tena mahali pamoja. Kila mmoja amechukulia kwamba kuna kitu kinachoitwa ulimwengu bora kabisa, kisha wakashindana kama Mungu amekifikia au hakukifikia. Dhana hiyo ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Jibu langu ni kwamba ndiyo, Mungu aliye Muweza wa yote angeweza kuumba ulimwengu bora kuliko hali hii tunayoishi sasa, na dini zenyewe zinasema hivyo waziwazi. Ila huenda hakuna ulimwengu ulio wa mwisho kwa ubora, na kama haupo, kutouumba si upungufu wa mtu yeyote, sembuse wa Mungu. Hapo hoja ya rafiki yako inavunjika. Lakini linabaki swali jingine, gumu kuliko lile la kwanza, na hilo mwalimu wako hawezi kulipita kwa sentensi moja.

Tuanze na uwezo wenyewe. Wanazuoni wa ilmul kalam, yaani elimu ya Kiislamu ya kujadili itikadi kwa hoja, hugawa mambo mafungu matatu: wajibu, ambalo haliwezi kukosekana, muhali, ambalo haliwezi kuwapo, na jaizi, ambalo laweza kuwapo au kutokuwapo. Kudra ya Mungu, wanasema, inahusiana na fungu hili la tatu. Pembetatu yenye pembe nne si kazi nzito iliyomshinda Mungu. Ni maneno yanayogongana, na nyuma yake hakuna kitu cha kuumbwa. Mwanateolojia Mkatoliki Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alifika palepale: afadhali kusema jambo hilo haliwezi kufanywa kuliko kusema Mungu hawezi kulifanya. Mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alishika njia nyingine katika barua zake za mwaka 1630. Alisema hata kweli za hesabu zimewekwa na Mungu kwa hiari yake, kama mfalme anavyoweka sheria. Anayemfuata Descartes ajue gharama yake. Mungu akiwa juu ya mantiki yenyewe, rafiki yako hana tena hoja, kwa kuwa hoja yake imejengwa kwa mantiki. Lakini na utetezi wote unaanguka, kwa sababu Mungu angeweza kutoa kila faida itokanayo na mateso bila mateso yenyewe. Mazungumzo yanafungwa pande zote mbili. Kwa hiyo hapa nitabaki na njia ya kwanza.

Sasa neno "ulimwengu". Watu wengi hubishana miaka bila kusema wanahesabu nini. Mmoja anazungumzia maisha ya hapa duniani, mwingine anazungumzia uumbaji wote tangu mwanzo wake mpaka akhera, na kila mmoja anamwona mwenzake hana akili. Chagua moja na ulitaje.

Ukihesabu hapa duniani tu, kauli ya mwalimu wako haina msingi katika maandiko anayoyategemea. Mwanzo 1:31 inasema Mungu aliona alichokifanya ni chema sana. Haisemi kwamba hakukuwa na kingine kilicho chema zaidi. Kurani, sura ya 70, aya ya 40 na 41, inasema Mungu ni muweza wa kuwabadilisha makafiri kwa walio bora kuliko wao. Ufunuo 21:4 inaahidi hali isiyo na kifo, maombolezo wala maumivu, na Pepo ya Kiislamu haina uchovu wala huzuni. Mtu anayeamini hayo tayari anakubali kwamba hali bora kuliko hii inawezekana, na kwamba Mungu anaijua njia ya kuifanya. Hawezi kugeuka akasema hii ndiyo bora kabisa. Ukihesabu vyote pamoja na akhera, kauli yake inapata nguvu, lakini sasa haithibitishwi wala kukanushwa kwa kutazama magonjwa na vita, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachohesabiwa bado hatujaiona.

Mtego aliouweka rafiki yako una umri mkubwa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya Ulum al-Din, kwenye kitabu cha tauhidi na tawakkul (kumtegemea Mungu), kwamba katika yanayowezekana hakuna kilicho bora kuliko kilichopo. Hoja yake ilikuwa hiihii ya rafiki yako ikiwa imegeuzwa: kama kingewezekana na Mungu akakizuia, huo ungekuwa ubahili usiolingana na ukarimu wake, na kama asingekiweza, huo ungekuwa unyonge usiolingana na uungu wake. Kwa hiyo, akahitimisha, hakikuwezekana. Kauli hiyo ilizua mabishano ya karne nyingi. Mwanazuoni al-Biqa'i, aliyefariki mwaka 1480, aliishambulia, na al-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, akaitetea. Washambuliaji waliona inamfunga Mungu, na kwamba inanuka mafundisho ya Muutazila, kundi la kale la wanazuoni wa Kiislamu waliosema ni wajibu kwa Mungu kuwafanyia waja wake lililo la kheri. Watetezi wakajibu kwa kutenganisha muhali wa namna mbili: lisilowezekana kwa asili yake, na lisilowezekana kwa sababu ya jambo jingine. Ulimwengu tofauti na huu, walisema, kwa asili yake unawezekana kabisa. Haukutokea kwa kuwa elimu na matakwa ya Mungu ya milele yalishauchagua huu.

Utetezi huo ni wa akili, lakini angalia ulichofanya. Umeokoa kudra na kuacha swali la wema palepale lilipokuwa: kwa nini matakwa yakachagua huu?

Mwanafalsafa Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz alijaribu kulijibu hilo mwaka 1710, katika kitabu chake cha Théodicée. Mungu, alisema, hafanyi jambo bila sababu ya kutosha. Kati ya malimwengu yasiyo na idadi yanayowezekana, sababu ya kutosha ya kuuchagua mmoja ni kwamba ndio bora, na kama usingekuwapo ulio bora, Mungu asingeumba chochote. Kosa la kawaida ni kudhani Leibniz alisema kila kitu kilichomo ni kizuri. Hakusema hivyo. Alikuwa anapima mfuatano mzima wa mambo kwa nyakati zote, na mojawapo ya vipimo vyake ilikuwa sheria chache na nyepesi zinazozaa mambo mengi na ya kila aina. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko, mawimbi ya bahari na moto viliiteketeza Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na kuua maelfu kwa maelfu. Tangu hapo, hasa baada ya mwandishi Mfaransa Voltaire kulifanyia dhihaka wazo hilo mwaka 1759, wengi walilitupa. Tetemeko hilo halikukanusha hoja ya Leibniz, kwa kuwa hakuwahi kuahidi ulimwengu usio na matetemeko. Lilichoonyesha ni kwamba hoja hiyo haina lolote la kumwambia mtu kuhusu tetemeko hili, mji huu, watu hawa.

Udhaifu wa Leibniz kimantiki uko kwingine, na ndio unaolihusu swali lako moja kwa moja. Chukua ulimwengu wowote mwema unaoweza kuufikiria. Ongeza humo kiumbe mmoja mwenye furaha, asiyemdhuru yeyote. Je, si bora kidogo? Ongeza mwingine. Hakuna mahali pa kusimama, kama vile hakuna namba kubwa kuliko zote. Kama ndivyo, kumtaka Mungu aumbe ulimwengu bora kabisa ni kumtaka ataje namba kubwa kuliko zote: jambo linaloingia katika fungu la muhali. Thomas wa Akwino alikuwa ameshaliona. Alisema kuhusu kitu kimojakimoja, Mungu anaweza daima kufanya kilicho bora kuliko alichofanya. Lakini ukivichukua vitu vilevile vilivyopo, mpangilio wao hauwezi kuboreshwa kwa kukikaza kimoja peke yake, kama vile uzi mmoja wa kinubi ukikazwa kupita kiasi unavyoharibu sauti ya kinubi kizima. Mungu angeweza kuongeza vitu vingine, na huo ungekuwa ulimwengu mwingine ulio bora.

Hapo rafiki yako atakuwa na jibu, na ni jibu zuri. Mwanafalsafa wa Marekani William Rowe alilieleza hivi: kama kwa kila ulimwengu kuna ulio bora zaidi, basi lolote aumbalo Mungu, tunaweza kumfikiria muumbaji aliyefanya vizuri zaidi, na huyo angekuwa mwema kuliko yeye. Mimi naona hoja hii haifiki. Kuzidiwa ni jambo lisiloepukika kwa muumbaji yeyote katika hali hiyo, na jambo lisiloepukika kimantiki haliwezi kuwa kosa la tabia. Mwanafalsafa Robert Adams aliongeza mwaka 1972 kwamba anayeumbwa katika ulimwengu usio bora kabisa hajadhulumiwa, mradi maisha yake kwa jumla yanastahili mtu kuyaishi. Katika ule ulio bora, yeye asingekuwapo kabisa. Na wale ambao wangekuwamo humo hawapo, hivyo hawana dai. Kumpa uhai asiyestahili zaidi kuliko mwingine, Adams anasema, ndiyo neema yenyewe.

Lakini soma tena lile sharti: mradi maisha yake kwa jumla yanastahili mtu kuyaishi. Hoja ya kukosekana kwa bora kabisa haitoi ruhusa ya kuumba ulimwengu mbaya kiasi chochote. Inaondoa kilele, haiondoi kiwango cha chini. Swali la haki basi ni kama mateso yaliyomo yana sababu inayoyabeba, na kama kila anayeyapata anafidiwa. Hilo ndilo swali gumu nililolitaja mwanzoni.

Kulishughulikia kuna utaratibu ambao ningekusihi uufuate kila mtu anapokuambia "Mungu angefanya hivi". Kwanza mwambie ataje badiliko lenyewe: anabadilisha sheria ya maumbile, hali ya mwanzo, au anaomba Mungu aingilie kati tukio moja? Hayo ni mambo matatu tofauti. Kisha fuateni badiliko hilo mpaka mwisho wake na muangalie limevunja nini. Baada ya hapo, na hatua hii ndiyo watetezi wa dini huiruka, ulizeni ni sehemu gani ya lawama imebaki hata baada ya faida zote kuhesabiwa.

Maumivu ni mfano mzuri. Mtu husema: Mungu angetuumba bila maumivu. Tunajua hali hiyo ikoje. Wapo watu wachache wanaozaliwa bila uwezo wa kuhisi maumivu; mwaka 2006 ilibainika kwamba baadhi yao wana hitilafu katika jeni iitwayo SCN9A, inayohusika na kupitisha taarifa za maumivu kwenye neva. Watoto hao hujitafuna ulimi na midomo, huungua bila kujua, hutembea na mfupa uliovunjika mpaka viungo vinaharibika. Badiliko hilo, likichukuliwa peke yake, ni hasara. Lakini usiishie hapo kwa ushindi. Mwanafalsafa David Hume, katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1779 baada ya kifo chake, aliuliza kwa nini kupungua kwa raha kusingetosha kutuamsha. Na hata tukikubali kwamba kengele ya maumivu inahitajika, inahitajika pale ambapo mtu anaweza kufanya kitu. Maumivu ya saratani iliyokwisha kuenea mifupani hayamwonyi mgonjwa juu ya lolote analoweza kuliepuka. Kengele inayojizima ikishakosa kazi ni badiliko linalofikirika bila mgongano wowote. Hoja ya faida imelipa sehemu kubwa ya deni, ila si lote.

Ugonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, unafundisha somo la pili. Mtoto aliyerithi jeni ya ugonjwa huu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kwa wote wawili huugua. Wazazi wote wawili wakiwa na nakala moja moja, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Faida na mateso vimo katika kitu kimoja, na huwezi kuondoa kimoja ukaacha kingine. Wengi hukomea hapo. Lakini faida yenyewe ni kinga dhidi ya mateso mengine. Ondoa kimelea cha malaria na sababu yote inayeyuka. Kwa hiyo mtu akikuambia ubaya fulani ni lazima kwa ajili ya faida fulani, uliza kama faida hiyo ni njema yenyewe au ni dawa ya ubaya wa pili.

Nyuma ya mifano yote miwili kuna dhana moja: kwamba ni vema ulimwengu uendeshwe kwa sheria za kudumu badala ya kuamriwa tukio kwa tukio. Nadhani dhana hii ni ya kweli. Mahali ambapo moto unaunguza leo na kesho hauunguzi, hakuna anayeweza kupanga, kujifunza, kuahidi au kuwajibika, kwa kuwa hajui tendo lake litazaa nini. Lakini inathibitisha kwamba Mungu asiingilie kila mara. Haithibitishi kwamba asiingilie mara moja zaidi. Kumwokoa mtoto mmoja aliyezama usiku, bila mtu kuona, kusingevuruga maisha ya viumbe hata kidogo. Jibu bora ninalolijua ni la mwanafalsafa Peter van Inwagen: hakuna idadi kamili ya miujiza inayotenganisha ulimwengu wa kutegemeka na usiotegemeka, hivyo popote Mungu atakaposimama, kutakuwa na mmoja zaidi ambaye angeweza kuokolewa. Jibu hilo linaeleza kwa nini mstari lazima upite mahali fulani. Halielezi kwa nini umepita hapa, mbali hivi.

Uovu wa wanadamu una njia yake. Mwanafalsafa J. L. Mackie aliuliza mwaka 1955: kama mtu anaweza kuchagua mema kwa hiari mara moja, kwa nini Mungu asiumbe watu wanaochagua mema kwa hiari mara zote? Mwenzake katika falsafa, Alvin Plantinga, alijibu mwaka 1974 kwamba ulimwengu wa namna hiyo unawezekana, lakini huenda haumo katika mambo ambayo Mungu anaweza kuyatimiza peke yake. Tuseme Juma, akiwekwa huru kabisa mbele ya jaribu fulani, angesema uongo. Basi Mungu hawezi kumweka Juma yuleyule, huru vilevile, mbele ya jaribu lilelile, asiseme uongo. Akimzuia, hayuko huru tena. Na huenda kila kiumbe huru kina hali kama hiyo mahali fulani. Plantinga alihitaji kuonyesha uwezekano tu, ili kufuta dai kwamba Mungu na uovu vinapingana kimantiki, na hapo alifaulu.

Ugumu unarudi kupitia akhera. Peponi watu wako huru au hawako huru? Wakiwa huru na hawatendi dhambi, basi uhuru usio na uovu unawezekana, na kwa nini tusianzie huko? Jibu la kawaida ni kwamba tabia njema ya kudumu hujengwa kwa kuchagua, kuvumilia na kutubu, na haiwezi kukabidhiwa tayari. Mwanafalsafa wa dini John Hick aliliendeleza mwaka 1966 akirejea kwa Ireneo, askofu wa karne ya 2. Kurani, sura ya 67, aya ya 2, inasema kifo na uhai vimeumbwa ili watu wajaribiwe. Ni jibu lenye uzito, nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Linapokwama ni kwa watoto wachanga. Anayefariki akiwa na siku tatu hajajaribiwa wala hajajengwa, na bado dini nyingi zinamweka peponi. Kama yeye anaingia bila safari hii, safari si ya lazima kwa kila mtu. Husimuliwa kwamba mwanazuoni Abul Hasan al-Ash'ari alimbana mwalimu wake wa Kimuutazila, al-Jubba'i, kwa mfano wa ndugu watatu: mmoja alikufa mcha Mungu, wa pili kafiri, wa tatu mtoto. Mtoto analalamika kwamba hakupewa muda wa kupata daraja ya kaka yake. Anajibiwa kwamba Mungu alijua angekua na kuasi, akamwahi kwa kheri yake. Hapo kafiri anapiga kelele kutoka motoni: mbona mimi hukuniahi? Wanahistoria wana shaka kama mazungumzo hayo yalitokea, lakini swali lenyewe halijapata jibu linaloridhisha pande zote.

Ulimalizia kwa kuuliza kama hii ni kufuru. Katika Kurani, sura ya 2, aya ya 30, waulizaji wa kwanza ni malaika. Mungu anawaambia ataweka khalifa duniani, nao wanauliza: utaweka humo atakayefanya uharibifu na kumwaga damu? Hawakulaaniwa kwa kuuliza. Waliambiwa kwamba Yeye anajua wasiyoyajua. Ayubu alilalamika kwa ukali kuliko rafiki yako, na katika Ayubu 42:7 waliokemewa ni marafiki waliokuja na maelezo tayari. Jibu walilopewa malaika lina watetezi katika falsafa ya leo. Stephen Wykstra alilijenga upya mwaka 1984 akisema kwamba kutoiona sababu si ushahidi kuwa sababu haipo, ikiwa hatukutarajiwa kuweza kuiona. Ukilitumia, litumie kwa pande zote. Anayesema hatuwezi kujua sababu za Mungu hawezi, katika pumzi ileile, kusema anajua kwamba ulimwengu huu ndio bora kabisa unaowezekana.